Hai au Si Hai

“Waraka una kinywa, masikio hupelekwa.” Mmemsikia katibu akiusema msemo huu asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua ulikotoka. Vuteni viti, wanangu. Ninyi ni viongozi wapya wa matawi, mtauhitaji. Chanzo chake ni kosa, na mkosaji ni mimi, kwa hiyo sitapamba.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili wa uenyekiti wa chama chetu cha wakunga. Tulikuwa na matawi kumi na tisa. Mkutano mkuu ulikuwa umelalamika kwamba matawi mengine yamebaki majina tu, nami nilitaka kuonekana mtu wa kazi. Nikaandika waraka: kila tawi litaje idadi ya wanachama hai kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Aprili, lisilofikisha kumi litafutwa. Na siku hizo tawi likifutwa, wakunga wake walinyang'anywa vyeti, na mkunga asiye na cheti hakuruhusiwa kuzalisha.

Ofisini kwetu, “mwanachama hai” alikuwa mkunga aliyehudhuria mikutano miwili kwa mwaka na kuleta taarifa zake. Sote makao makuu tulilijua hilo. Sikuona haja ya kulieleza.

Matawi kumi na nane yakajibu. Jumatano ya wiki ile ya mwisho ikaja simu ya maandishi kutoka Mrigati, tawi letu la milimani, Upareni. Simu hizo zilihesabiwa kwa neno, kwa hiyo watu walibana maneno kama wanaobana pumzi. Ilisema: HAI TISA. NAMBUA HATUNA HAKIKA.

Katibu wangu, Bi Mwanahawa, alicheka. “Wako kumi tu, na bado hawajui kama huyo Nambua anahudhuria au hahudhurii?”

Nami nikacheka. Nikampa maneno ya kujibu: HATUNA HAKIKA SI JIBU. HAI AU SI HAI.

Alhamisi asubuhi jibu likafika. TUNANGOJA MTO.

“Mto gani, wa kulalia?” akauliza Bi Mwanahawa.

Safari hii sikucheka. Karatasi ya kulifuta tawi la Mrigati ilikuwa mbele yangu, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi tu. Nje masika yalikuwa yakimwagika kwa siku ya nane. Nikasoma tena. Mtu wa kungojea mto ili ajue kama mwenzake huhudhuria mikutano ni mtu wa namna gani? Kalamu ikawa nzito. Niliinyanyua mara mbili, na mara zote mbili niliona neno moja tu: hai.

“Natoka,” nikamwambia Bi Mwanahawa.

“Na karatasi?”

“Nakwenda nayo.”

Nilifika Mrigati Ijumaa, saa nane mchana, matope hadi magotini. Nyumba ya katibu wa tawi, Bi Namsifu, ilikuwa wazi na tupu. Jirani akaninyooshea kidole chini, kwenye ngurumo ya maji.

Wanawake tisa walikuwa wamesimama ukingoni katika mvua, macho ng'ambo. Daraja la miti halikuwapo. Bi Namsifu, mwanamke mfupi mwenye mvi, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mkoba.

“Karibu, Mama Mwenyekiti. Umekuja kuhesabu?”

“Nimekuja kuuliza. Nambua yuko wapi?”

“Jumapili aliitwa ng'ambo, mwanamke alikuwa na uchungu siku ya pili. Alivuka. Baada ya hapo kilima kile kikaporomoka, kikaondoka na daraja.” Akaonyesha kovu jekundu la udongo upande wa pili. “Nyumba aliyokwenda iko chini yake. Au ilikuwa chini yake. Hatujui. Ninyi mkatuuliza, hai au si hai. Nilisimama posta na karatasi yenu, Mama. Niandike nini?”

Nikataka kusema kwamba sisi tulimaanisha mikutano. Neno lenyewe likanitia aibu kabla sijalitamka. Nikalitamka hata hivyo.

Bi Namsifu aliwageukia wenzake.

“Mikutano,” akasema. “Kwa hesabu hiyo hapa hai ni mimi peke yangu. Hawa wengine huwa wanazalisha.” Kisha akasema polepole, bila hasira, “Waraka wenu una kinywa, Mama. Masikio uliyaacha wapi?”

Nilisimama nao. Sijui tulisimama muda gani. Najua kwamba kila gogo lililopita majini nililitazama nikidhani ni mtu.

Mmoja wao akanishika mkono ghafla. Ng'ambo, juu kabisa ya lile kovu, kanga ya njano ilikuwa ikitikisika. Mwanamke akashuka kwa makalio, taratibu, akasimama kwenye jiwe. Mto ulikula maneno yake. Akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele tena, na safari hii yakafika.

“Mapacha! Wako hai! Na mama yao!”

“Na wewe, Nambua?” Bi Namsifu akaita, sauti imepasuka.

“Niandikeni!”

Ile karatasi ya kulifuta tawi niliigeuza, nikaandika mgongoni mwake: Mrigati, hai kumi. Ndiyo iliyo ndani ya jalada mpaka leo, mwaweza kwenda kuitazama. Tangu hapo, kila waraka niliouandika niliufuata kwa miguu yangu hadi tawini, nikaketi, nikauliza umesikikaje. Bi Mwanahawa alipokuwa akiniona nafunga mkoba, alikuwa akisema lile la Bi Namsifu kwa namna yake, na ndivyo lilivyoenea.

Kwa hiyo kesho mtakapopata mihuri yenu, andikeni, sikatazi. Ila waraka una kinywa, wanangu. Masikio hupelekwa.