Mkono Uliogonga Bati

"Si kila agongaye bati ni konda."

Makonda wapya wawili, Leah na Tumwidike, waliambiwa maneno hayo na meneja wa mabasi ya Upepo wa Kipengere, mjini Njombe, asubuhi waliyoliruhusu basi litoke kwa sababu tu abiria mmoja alisema watu wametimia. Wakamwendea Mzee Chaula, mkaguzi mstaafu ambaye huja ofisini kuota jua na kunywa chai ya bure, wakamwuliza maana yake. Akawacheka kwanza, kisha akawasimulia. Methali hii ilianza hivi.

Kampuni ilipokuwa na umri wa miaka miwili ilikuwa na basi moja tu, lililokwenda Makete Jumatatu na kurudi Njombe Jumanne. Dereva wake alikuwa Yekonia Tweve, mtu mrefu, mkimya, mwenye kuionea fahari kazi yake. Nyuma ya kiti chake yalipangwa magunia ya viazi mpaka darini, kwa hiyo abiria hakuwaona. Macho yake aliyaachia barabara, na masikio aliyaachia bati. Konda wake, Mbwilo, akigonga ubavu wa basi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende.

"Abiria wana midomo arobaini," Tweve alizoea kusema. "Bati lina neno moja."

Jumanne moja walisimama kwenye kijito kutia maji kwenye rejeta. Ndani alikuwamo mama kijana, Tulizumwe, akimpeleka hospitali mwanawe wa miezi mitano. Mtoto alikuwa na homa kali, na tangu jana yake alikuwa hanyonyi vizuri. Mama akampakatisha Bibi Luhanga, jirani yake wa kiti, akashuka kulowesha kitambaa amkande. Tweve alikwisha funika boneti na kukaa kwenye usukani. Mbwilo alikuwa amerudi kijitoni kuchota debe la akiba.

Ndipo mkono fulani ukagonga. Pa! Pa! Basi likaondoka.

"Mama yake kabaki!" akapiga kelele Bibi Luhanga. Basi zima likapaza sauti, lakini midomo arobaini Tweve hakuwa na habari nayo. Abiria wakaanza kugonga bati, huyu hapa, yule pale. Tweve akasikia pa-pa, pa-pa, akashangaa Mbwilo leo ana haraka gani, akakanyaga mafuta. Kadiri walivyogonga asimame, ndivyo alivyozidi kukimbia.

Wakapanda kona saba namna hiyo. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na kimya kile kikamtisha bibi kuliko kilio.

"Acheni mikono yenu! Nyote!" akafoka. Walipotulia, akainua fimbo yake akagonga bati mara moja.

Tweve akafunga breki. Akaja nyuma amekunja uso.

"Mbwilo, umepatwa na nini?"

"Mbwilo yuko kijitoni, baba," akasema bibi. "Na mama wa huyu yuko naye. Umechukua mtoto, ukaliacha ziwa lake."

Barabara ilikuwa nyembamba na chini yake korongo. Basi lisingeweza kugeuka. Tweve akamfunika mtoto kwa koti lake, akateremka kwa miguu, mbio. Kila kona alisimama akamwekea sikio mdomoni kusikiliza kama anapumua. Aliogopa kama hajapata kuogopa. Kwenye kona ya nne akakutana na Tulizumwe akipanda peku, kitambaa kibichi bado kimo mkononi, na Mbwilo nyuma yake. Mtoto alipolishika ziwa pale pale barabarani, Tweve aligeukia mlimani akalia.

Waliporudi kwenye basi, Mbwilo aliwaka. "Nani aligonga?"

Abiria wakatazamana.

"Mwache," akasema Tweve. "Yeye amekosa kwa mkono. Mimi nilihesabu bati limegongwa mara ngapi, sikuuliza nani kagonga. Si kila agongaye bati ni konda."

Tangu siku hiyo dereva wa Upepo wa Kipengere haondoi gari kabla ya kuita, "Nani?" na konda kujibu kwa jina lake. Leo mabasi ni ishirini na sita, yana kengele za umeme, na swali ni lile lile.

"Na mtoto?" akauliza Leah.

"Alipona. Ana wajukuu sasa, na bado anapanda kwetu."

"Na aliyegonga, hakujulikana?" akauliza Tumwidike.

Mzee Chaula akaweka kikombe chini, akakitazama kiganja chake cha kulia.

"Alikuwa kijana wa miaka ishirini anayewahi kutafuta kazi. Mkono aliuficha mfukoni mpaka Njombe. Baadaye akawa konda wa Tweve huyo huyo miaka kumi na tisa. Kila asubuhi aliulizwa 'Nani?' akajibu. Lakini swali la siku ile hakulijibu, mpaka Tweve akazikwa."

Mzee akavuta pumzi. "Ndiyo hivyo, wanangu. Si kila agongaye bati ni konda."

Uani kengele ililia mara mbili, na dereva wa basi la Makete akaita, "Nani?"

"Chaula," mzee akajibu polepole, ingawa hakuulizwa yeye.