Cheo cha Getini

Nyamizi alikuwa mwanamke mfupi, mlinzi katika kiwanda cha pamba, na suruali ya kazi aliyopewa ilishonwa kwa ajili ya jitu. Mkono mmoja ulishika rungu, wa pili ulishika suruali. Siku alipoomba kuwa mkuu wa walinzi, mwenye kiwanda, Bwana Lugembe, alicheka mpaka akakohoa.

"Mkuu wa walinzi lazima aweze kumzuia mwanaume," alisema. "Sasa hivi natoka kwenda kula. Nizuie hapa getini mpaka king'ora cha saa sita, na cheo ni chako."

"Nikuzuie kwa lipi, bosi? Nikipiga chafya tu, suruali iko chini." Nyamizi alifungua geti lote. "Pita zako. Nilijisahau. Mwanamke na cheo, wapi na wapi!"

"Hapo umenena!" Lugembe akasimama.

"Mbio zenyewe sina."

"Mbio tu? Na woga je? Mke wangu akiona panya anapanda kitandani!"

"Mimi napanda juu ya kabati, bosi. Lakini uongozi, kwa nini hasa hatuuwezi?"

Lugembe akaegemea nguzo ya geti. Alianza na machozi ya wanawake, akaingia kwenye wivu wao, akafika kwa mama mkwe wake, ambaye kisa chake kilikuwa kirefu. Nyamizi aliitikia, "Kweli kabisa, bosi," huku akivuta suruali juu.

King'ora kikalia.

Lugembe akatazama geti lililo wazi, kisha miguu yake, iliyokuwa bado ndani.

"Endelea tu, bosi," alisema mkuu mpya wa walinzi. "Ulikuwa umefikia pale kwamba wanawake tunapiga domo mno."