Kosa la Kuazima

Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa na daftari la hisabati lisilo na kosa hata moja. Binti aliitwa Nakundwa. Daftari lilifunikwa kwa gazeti, na juu ya gazeti nailoni, na kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alifunguliwa kurasa mbili tatu aone alama za vema zilivyojipanga. Fundi mwenyewe hakuna siku aliyofunga kazi bila kufumua. Mkono umekaa vibaya, anafumua. Pindo limepanda, anafumua, wala haoni haya. Lakini katika daftari la mwanawe hakutaka kuona kosa.

Siri ya daftari lile ni hii. Mwalimu alipotoa swali, Nakundwa alilinakili, akaacha nafasi, akainamisha kichwa kama anayekokotoa. Alisubiri. Jibu lilipofanywa ubaoni alilihamishia kwenye ile nafasi kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari kwa rula. Mwalimu akipita, vema. Akiuliza kama wameelewa, "ndiyo" ya Nakundwa ilitangulia za wengine. Hivyo ndivyo alivyokwenda kidato cha kwanza hadi cha nne, na mtihani wa mwisho akaupita kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita, maana kichwa cha kukariri alikuwa nacho.

Jirani yake wa dawati, Sikudhani, hakujua kusubiri. Kila swali alilivamia, na mara nyingi alitoka na alama nyekundu. Alisimamishwa, akachekwa. Nakundwa naye alicheka, kidogo, mkono mdomoni.

Wote wawili walichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule moja ya bweni, kusoma hisabati. Fomu ya kujiunga iliwataka waje na madaftari yao ya zamani. Nakundwa aliyapanga juu kabisa ya nguo zake kwenye sanduku, ili yaonekane kwanza.

Mwalimu wao aliitwa Luvanda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliwaambia kila mmoja atafute katika madaftari yake kosa lililo kubwa kuliko yote, na kesho yake aje nalo mbele aeleze alivyolifikia. Hapo ndipo angeanzia kufundisha. Asiye na kosa la kuleta, alisema, aende ofisini abadilishiwe masomo, kwa kuwa yeye mwalimu hangekuwa na mahali pa kumshika.

Wengine walicheka kwa woga. Nakundwa alipekua madaftari manne, ukurasa kwa ukurasa, akakutana na vema, na vema, na vema. Kwa mara ya kwanza alama zile zilimtisha. Akilini alimwona baba yake na futi shingoni, akiambiwa mbele ya wateja kwamba binti yake ameondolewa kwenye hisabati.

Angeweza kwenda kwa mwalimu akasema kweli, na mambo yakaishia hapo. Lakini aibu ina tabia yake: humshauri mtu aifunike kwa aibu nyingine. Mchana, wenzake walipokwenda kupanga foleni ya ugali na maharage, Nakundwa alibaki darasani. Alifungua dawati la Sikudhani, akatoa daftari la kidato cha tatu, akalikandamiza kwa kiwiko lilale wazi, na kosa moja kubwa akalinakili katika ukurasa mtupu wa daftari lake. Alama nyekundu nayo akaichora. Wahenga walituonya juu ya nguo ya kuazima. Juu ya kosa la kuazima hawakusema, labda hawakudhani mtu angefika huko.

Kesho yake aliitwa wa kwanza, kwa sababu alikaa mbele kama kawaida yake. Kosa lilikuwa la mabano yaliyopandishwa kipeo cha pili. Mwalimu Luvanda alimwuliza alikuwa akifikiri nini alipotoka mstari wa kwanza kwenda wa pili. Nakundwa aliutazama mstari. Mwandiko ulikuwa wake, lakini fikra hakuiona. Alijibu kwamba alikosea tu. Mwalimu akaliacha daftari wazi juu ya meza, akamwita anayefuata.

Anayefuata alikuwa Sikudhani. Alipofika mezani aliliona kosa lake, akalitambua kama mtu anavyomtambua mbuzi wake katika zizi la jirani. Akafanya haraka kutafuta ukurasa mwingine, maana makosa alikuwa nayo ya kutosha kugawa. Lakini daftari lilifunguka lenyewe pale lilipokandamizwa jana, na mwalimu akaweka kidole.

Sikudhani alitazama chini, kisha akaeleza. Alidhani ile mbili ya kipeo iliyo nje ya mabano hugawiwa kila aliyemo ndani, kila mtu na sahani yake, basi. Hakujua kwamba waliomo ndani nao wana shughuli baina yao. Darasa lilicheka, na waliocheka walikuwa wameelewa. Mwalimu aliyasogeza yale madaftari mawili yakalala ubavu kwa ubavu.

"Kosa hili lina mwenyewe, Nakundwa. Lako liko wapi?"

Nakundwa aliona aibu hata masikio yakaziba. Aliona aibu mbele ya wasichana arobaini, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Iliyomvunja ni ya Sikudhani, aliyeibiwa na bado akajaribu kumfichia mwizi. Miaka minne alizicheka zile alama nyekundu, na siku ya shida hakuwa na pengine pa kukimbilia ila kwenye hizo hizo.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba lake hana, na kwamba hajawahi kufanya hesabu hata moja. Kisha alielekea mlangoni, kwenda ofisini. Mwalimu Luvanda alimzuia, akampa chaki. Akamwandikia swali la watoto: nusu igawanywe kwa robo.

Nakundwa alisimama mbele ya ubao, mkono ukining'inia, akasubiri mtu aanze. Hakuna aliyeanza. Ndipo akaandika mwenyewe: moja ya nane. Darasa likaguna. Alipoulizwa alichofikiri, alisema alidhani kugawanya ni kupunguza, kwa hiyo jibu lazima liwe dogo kuliko vyote viwili.

Mwalimu alilizungushia jibu chaki nyekundu, akamwambia aliandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, pamoja na tarehe. Aliandika, na mwandiko ukawa mbaya. Kisha alilichukua daftari la Sikudhani mezani, akamrudishia kwa mikono miwili, asiweze kumtazama usoni. Sikudhani alilipokea, akasogea kwenye benchi kumpisha akae.

Hisabati ya kidato cha tano ilianza siku ile kwa nusu na robo, kwa ajili ya msichana mmoja. Baadhi walikunja uso kwa kucheleweshwa. Wengine, ambao hatutawataja, walishusha pumzi.

Nawe unayesikia, uliye na madaftari safi ndani ya nailoni: siku ukiitwa mbele na kosa lako, utakwenda na lako, au utapitia kwanza kwenye dawati la jirani?