Dakika Nne za Silvakut

— Kale inabisha hodi, wajukuu wangu!

— Ifungulieni, ikae!

Imekaa. Sasa sikilizeni. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea siku ile lilikuwa hili: Bibi Etelka alitoa kichwa dirishani akamwambia mumewe kwamba matango ya kwenye chupa yamezidi chumvi.

"Umetia viganja viwili," alisema.

"Kimoja," alijibu Mzee Balint, aliyekuwa amesimama nje akitazama mpira.

"Kiganja chako au changu?"

"Changu."

"Basi ni viwili."

Akarudisha kichwa ndani. Mazungumzo yote yalikwisha kabla mtu hajapiga chafya mara mbili.

Haya yalitokea mbali, nchi ya Hungaria, nilikokwenda kusomea mambo ya mabwawa nikiwa kijana. Lakini hata mimi sikuyaona. Nilisimuliwa na wazee wa mji mdogo wa Silvakut, nao walisimuliwa na wazee wao. Kwa hiyo uongo mtakaoukuta humu ni mali yao. Mimi nimeubeba tu.

Silvakut ilikuwa na barabara moja, kanisa moja na klabu moja ya mpira. Klabu ilianza zamani zile mpira ulipokuwa kibofu cha nguruwe. Milingoti ya magoli iliazimwa kwenye shamba la mizabibu, ikarudishwa kila msimu wa mavuno. Wakati wa mavuno, basi, hapakuwa na magoli kabisa, na wazee wote wanakubaliana kwamba huo ndio wakati ambao Silvakut haikufungwa. Mechi yao ya kwanza walipigwa kumi na nne kwa sifuri, wakafanya sherehe. Kwa nini sherehe, Lukelo? Kwa sababu la kumi na tano lilikataliwa.

Cheka, lakini usimpige mwenzako teke.

Sasa mambo yote ya kisa hiki yanatokana na saa. Mwaka mmoja, wakati wa mapumziko, mwamuzi aliinama kuonja supu ya samaki, na saa yake ya mfukoni ikatumbukia sufuriani. Supu ikaliwa yote. Saa haikuonekana. Ndipo kamati ya klabu ikakaa na kuandika Kifungu cha Tisa: "Muda wa mchezo ni ule wa saa ya klabu, na si mwingine." Ligi ikakipiga muhuri. Na watu wa pande zile, kitu kikishapigwa muhuri, hata mvua ilikuwa ikiomba ruhusa kukilowesha.

Saa ya klabu ilikaa kwenye ukuta wa nyumba ya Mzee Balint, mtunza uwanja, kwa kuwa huo ndio ukuta pekee wa matofali uliotazama mpira. Ilikuwa saa moja yenye nyuso mbili. Uso mkubwa ulikuwa nje, ukitazama uwanja. Uso mdogo ulikuwa ndani, ukitazama jiko la Bibi Etelka. Katikati yake ilicheza timazi moja, ule uzito wa kuning'inia unaoiendesha saa, huku na huku, huku na huku. Uwanja na jiko vilitumia wakati mmoja. Hakuna aliyewahi kuona kasoro katika jambo hilo.

Turudi kwenye siku ile. Ilikuwa Jumapili, mechi ya mwisho ya msimu, Silvakut dhidi ya Borzfalva, mji jirani. Kamati ya ligi ilikuwa imekwisha kuamua: Silvakut ikifungwa, klabu itavunjwa, wachezaji wake watahamia Borzfalva, na jina lake litafutwa kwenye vitabu. Sare ingetosha kuwaokoa. Nao walikuwa wamefungwa moja kwa sifuri, na saa ilionyesha saa kumi na dakika arobaini na moja. Zilibaki dakika nne.

Wakati huo Mzee Balint alipata jibu zuri zaidi kuhusu chumvi. Akaingia jikoni kulitoa. Akamkuta mkewe amekaa kwenye kiti, kisu mkononi, tango mapajani, kichwa kimeegemea ukuta. Alikuwa amekufa. Tango lilikuwa limemenywa nusu.

Mzee Balint alifanya yale ambayo watu wa kwao hufanya. Alimfumba macho. Alifungua dirisha. Kisha, kwa sababu desturi yao ni kwamba mtu akifa ndani ya nyumba saa ya nyumba husimamishwa mpaka azikwe, alinyosha kidole kimoja akaigusa timazi.

Hapa nikiuliza "saa ikasema nini," ninyi mjibu "haikusema kitu." Saa ikasema nini?

— Haikusema kitu!

Huko nje hakuna aliyejua. Mpira ukachezwa dakika tano, ukachezwa kumi, ukachezwa ishirini. Nahodha wa Borzfalva, mchinja nguruwe mwenye shingo nene, akamwendea mwamuzi, Bwana Kelemen.

"Bwana mwamuzi, bado kiasi gani?"

Bwana Kelemen akatazama ukutani. "Dakika nne."

"Ulisema nne wakati ule naanza kukohoa! Sasa nimepona!"

"Na nitasema nne tena ukiugua upya. Kifungu cha Tisa."

Mwenyekiti wa Silvakut, Bwana Odon, daktari wa mifugo, akaenda nyumbani kwa Mzee Balint kuuliza. Alitoka kofia mkononi. Akawaambia. Wachezaji ishirini na wawili wakasimama, na watazamaji wote wakavua kofia.

"Tumalize mchezo, basi," alisema mchinja nguruwe kwa sauti ya chini. "Sote tuna heshima."

"Siwezi kuumaliza," alisema Bwana Kelemen. "Saa haijafika."

"Basi uahirishe."

Bwana Kelemen akatoa kitabu cha sheria, akalamba kidole, akapekua. "Mchezo unaahirishwa kwa mafuriko, kwa vita, au kwa ng'ombe kuingia uwanjani. Kifo hakimo. Nimetazama mara mbili."

"Tukaazime ng'ombe," alinong'ona mtu.

"Nimesikia hilo," alisema Bwana Kelemen.

Basi wakakubaliana jambo moja: watacheza, lakini hawatapiga kelele, kwa kuwa kuna msiba dirishani. Tangu dunia iumbwe hapajachezwa mpira wa namna ile. Mtu akitaka pasi alisema polepole, "Ndugu, ukipata nafasi." Mtu akitaka kumkaba mwenzake alisema, "Samahani, nakuja." Mwenzake alijibu, "Karibu." Watazamaji walishangilia kwa kusugua viganja. Bwana Kelemen aliweka filimbi mfukoni akawa anasema "pii" kwa mdomo, na aliyesikia alimwambia jirani yake.

Jua lilipozama mwamuzi aliweka jiwe juu ya mpira, akawaruhusu wakalale, maana sheria haikukataza usingizi. Alfajiri akaondoa jiwe.

Saa ikasema nini?

— Haikusema kitu!

Jumatatu mji ukaanza kuharibika. Hapakuwa na mkate, kwa kuwa mwoka mkate alikuwa golini. Hapakuwa na barua, kwa kuwa tarishi alikuwa winga wa kushoto. Nywele hazikukatwa, kwa kuwa mabeki wote wawili walikuwa vinyozi, nao walikuwa hawasemezani tangu harusi ya mmoja wao. Heshima ya msiba iliwalazimisha kuambiana "samahani" na "asante" mara arobaini kwa siku, na walisikitika sana.

Mchana mchinja nguruwe akaenda jikoni, akavua viatu vyake vya mpira mlangoni.

"Mzee Balint, pole sana."

"Ahsante."

"Sisi tuna nguruwe wanasubiri kule kwetu. Wananenepa bila mpango. Ungeiachia tu hiyo timazi, dakika nne, kisha ungeisimamisha tena."

"Mke wangu bado yumo ndani," alisema Mzee Balint.

Mchinja nguruwe akatazama sakafu. "Ni kweli," alisema. "Nimekosea." Akavaa viatu akarudi uwanjani, akaomba ruhusa ya kuingia, akaruhusiwa.

Jumanne asubuhi wakamzika Bibi Etelka. Jeneza lilibebwa na timu zote mbili zikiwa na jezi zake, za zambarau upande huu, za kijani upande ule. Bwana Kelemen alitembea nyuma na mpira kwapani, kwa sababu kisheria mpira ulikuwa ukichezwa. Kasisi alipomaliza, Bwana Kelemen alimnong'oneza kwamba huo ulikuwa mpira wa kurusha wa Borzfalva.

Kisha wakarudi nyumbani kwa marehemu wakala, kama inavyopasa. Nyama ilikuwa nyingi. Mkate ulikuwa wa Jumamosi.

Sasa desturi iliruhusu saa iwashwe. Mzee Balint akakaa mbele ya ule uso mdogo, mikono magotini, na hakuiwasha. Watu wakangoja. Bwana Odon akaja akakaa kando yake, akasogeza kiti, akasema kwa sauti ya kuombea mtu dawa:

"Mzee wangu, usiiwashe."

"Leo?"

"Leo, kesho, mwakani. Fikiri. Tumefungwa moja, lakini hatujashindwa. Hatushindwi mpaka mchezo uishe. Mchezo hauishi mpaka saa iende. Ukiiacha hapo ilipo, Silvakut itakuwa klabu milele. Watoto wetu watairithi mechi hii. Wajukuu wetu wataingia kama wachezaji wa akiba!"

"Na watu wa Borzfalva?"

"Watazoea. Wameanza kuzoea. Wamependa kachumbari yetu."

Mzee Balint aliutazama tena ule uso mdogo. Lile ombi lilimfaa kuliko Bwana Odon alivyojua. Kwa hesabu ya saa ile bado ilikuwa Jumapili, saa kumi na dakika arobaini na moja. Kwa saa ile muda mfupi tu ulikuwa umepita tangu aambiwe "basi ni viwili."

— Babu, kwa nini hakutaka kuiwasha?

Sijui, Sifuni. Hapana, nimesema uongo. Najua. Tuendelee.

Alikaa hivyo mpaka alipotaka kuweka maziwa kwenye kahawa yake. Jagi lilikuwa dirishani, palepale lilipoachwa. Akamimina. Hayakutoka maziwa. Kilitoka kibonge, kikafuatiwa na maji, kikafuatiwa na harufu iliyomfanya Bwana Odon, daktari wa mifugo kwa miaka thelathini, asimame.

Mzee Balint akatazama saa. Akatazama jagi. Akatazama saa tena. Kwa saa, maziwa yale yalikuwa yamekaa dirishani dakika sifuri. Kwa pua, siku mbili.

"Mwenyekiti," alisema, "onja."

"Sionji."

"Basi nusa."

"Nimekwisha kunusa, mzee. Nimenusa tangu pale."

"Wewe unaamini nini, saa au maziwa?"

Bwana Odon alikuwa mwenyekiti, lakini hakuwa mtu mwongo. Akasema, "Maziwa." Na machozi yakamtoka kwa ajili ya klabu.

Mzee Balint akanyosha kidole kilekile akaisukuma timazi. Saa ikasema nini?

— Haiku...

Aa! Mmekosea! Ikasema *ta, ta, ta*, na huko uwanjani watu wote wakageuka kama waliochomwa sindano. Zilibaki dakika nne. Kila mtu akatimua mbio, yaani kila mtu ambaye hakuwa ameshiba nyama ya msiba, na hao hawakuwa wengi. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Bwana Odon akajifunika uso kwa kofia. Dakika ya tatu tarishi akapata mpira upande wa kushoto, akakimbia nao, akafika kwenye eneo la hatari, na mbele yake akasimama mchinja nguruwe, mpana kama kabati.

Tarishi, kwa mazoea ya siku mbili, akasema, "Samahani, ndugu, naomba nipite."

Na mchinja nguruwe, kwa mazoea ya siku mbili, akasema, "Karibu," akapisha.

Tarishi akapita, akafunga. Moja kwa moja!

Mchinja nguruwe alibaki amesimama na mkono wake wa kukaribisha bado umenyoshwa. Wanasema alikaa hivyo mpaka saa ikatimiza dakika arobaini na tano na Bwana Kelemen akapuliza filimbi ya kweli, na mbwa wote wa Silvakut wakabweka, maana walikuwa wameisahau. Klabu ikapona. Jina lake halikufutwa. Mwaka uliofuata walifungwa mechi kumi na mbili, na Kifungu cha Tisa kikabaki vilevile, kwa kuwa kilikuwa na muhuri.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: saa unaweza kuizuia kwa kidole kimoja. Maziwa huwezi.

— Na Mzee Balint, babu?

Mzee Balint. Kesho yake asubuhi, Jumatano, alitoka akautazama uwanja. Siku mbili za miguu ya watu ishirini na wawili zilikuwa zimefuta mistari yote. Akakoroga chokaa kwenye ndoo. Akachukua kamba ya kunyosha mistari, ambayo hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Akapigilia kigingi kwenye kona, akakifungia ncha moja, akashika ile nyingine, akaanza kutembea.

Hapo ndipo wazee wa Silvakut walipokiachia kisa hiki, nami naachia hapohapo. Kinywa changu nimekifunga. Masikio yenu sasa ni juu yenu.