Mwanamvua na Vidude vya Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, na anayedhani anamjua basi anyamaze, akitawala mji wa Shindikani. Jina lake Mahadhi. Katika mji huo mashamba yote yalikuwa yameandikwa kwenye kompyuta ya kasri, na kila mwenye shamba alikuwa na akaunti yake na neno lake la siri.

Siku moja mtu asiyejulikana akaingia kwenye akaunti ya Sultani mwenyewe, akaandikisha zizi la farasi wa kifalme kwa jina la punda. Neno la siri la Sultani lilikuwa "sultani". Basi kosa la nani? La raia, bila shaka. Ikapigwa mbiu, watu wakajaa barazani.

"Neno la siri peke yake halitoshi tena," akasema Sultani. "Kila mtu atathibitishwa kwa vitu viwili. Mtachagua wenyewe. Mimi si dhalimu."

Akasimama Mwanamvua, mkulima wa mpunga, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa ukiamka kabla yake.

"Maulana, mimi nachagua simu. Niletewe namba kwenye simu yangu, niiandike, nifungue."

"Simu huibwa. Nimeikataza."

"Basi kidole changu. Hiki hakiibwi mpaka niibwe mimi."

"Vidole vyenu vimesuguliwa na majembe. Mashine haivisomi."

"Sasa kimebaki nini cha kuchagua?"

"Kidude," akasema Sultani, akainua kidude cha ukubwa wa kokwa ya embe, chenye kioo cha kuonyesha namba. "Kila mtu na chake. Ukitaka kuingia, unataja neno lako la siri na namba inayoonekana hapa."

"Ahsante kwa kutuachia hiari, Maulana. Nikiweke wapi, chini ya mto?"

"Kitakaa kasrini, kabatini. Nyumba zenu hazina makufuli ya maana."

"Na neno la siri?"

"Mtamwambia Waziri, msije mkalisahau."

"Loo, umetuhurumia kweli!" akasema Mwanamvua. "Mlango mmoja, makufuli mawili, na funguo zote kwako. Mwizi atataabika sana, labda awe anaishi humo humo ndani."

Watu wakakohoa. Ndicho kicheko kilichoruhusiwa Shindikani. Kisha wakapanga foleni, wakatoa maneno yao ya siri mmoja mmoja, na Mwanamvua naye akatoa lake, kwani asiyetoa alinyang'anywa shamba papo hapo.

Sasa, shamba la Mwanamvua lilikuwa na chemchemi. Kiangazi kile visima vyote vilikauka, ikabaki hiyo. Majirani walichota humo bila kuulizwa, na watoto wao waliishi kwa maji hayo. Sultani naye alikuwa na bustani ya mawaridi, na mawaridi, mnajua, hayawezi kuvumilia kiu kama watoto wa watu. Alikwisha kumtaka Mwanamvua amwachie shamba, naye akakataa.

Asubuhi moja Mwanamvua akakuta askari wamezungushia chemchemi seng'enge, na majirani wamesimama nje na ndoo tupu. Hakulia. Alimwita mumewe, Mzee Vuai, wakaenda barazani wamefuatwa na ndoo zote za mtaa.

"Maulana, shamba langu limepatwa na nini?"

"Umenipa zawadi," akasema Sultani. "Jumanne. Nashukuru sana."

"Jumanne nilikuwa nampukuchulia mama mkwe mahindi."

"Kompyuta haijui mama mkwe. Neno la siri lilikuwa sahihi, namba ya kidude ilikuwa sahihi. Aliyetimiza hayo mawili ndiye mwenye akaunti. Ndiyo sheria."

"Hata kama sura si yangu?"

"Sheria haitazami sura."

"Hata kama ana ndevu?"

"Hata kama ana ndevu!" Sultani akapiga mkono wa kiti.

"Sheria nzuri. Ila nina hofu, Maulana. Huenda Waziri wako ndiye aliyeshika kidude changu."

Waziri akaruka kama aliyekalia mkaa. "Mimi? Ufunguo wa kabati hauko kwangu!"

"Kweli," akasema Sultani kwa fahari, akiuonyesha shingoni. "Ninao mimi tu. Hata ninapooga siuvui."

"Na neno langu la siri, Waziri alimwambia nani?"

"Mimi tu!" akadakia Sultani. "Unadhani kasri langu ni soko?"

"Alhamdulillahi," akasema Mwanamvua, akawageukia watu. "Mmesikia? Neno la siri analo yeye, kidude anacho yeye, na sheria haijali ndevu. Basi aliyeingia Jumanne ni Maulana, na Maulana ndiye Mwanamvua."

Baraza likakohoa mpaka vumbi likatimka.

"Mimi ni Sultani!"

"Basi aliyetoa zawadi hakuwa Mwanamvua, na zawadi ni batili. Chagua, Maulana. Ukiwa Mwanamvua, shamba ni lako, lakini kesho alfajiri uko matopeni unapanda mpunga, na mama mkwe anakungoja na gunia la pili. Ukiwa Sultani, ng'oa seng'enge."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari.

"Ng'oeni," akasema Sultani hatimaye. "Shamba ni lake. Na vidude, kila mtu achukue chake, abadilishe na neno lake la siri." Akajifuta jasho, akainama kadiri kitambi chake kilivyomruhusu, akasema kwa sauti ya chini: "Sasa na wewe mama, tangaza mbele ya watu hawa kwamba mimi si Mwanamvua, uende zako."

"Mimi sina kinyongo, Maulana, ningetangaza sasa hivi," akajibu. "Ila mwombe kwanza mume wangu. Amekutazama tangu tulipoingia, na ameninong'oneza kwamba, kati ya kina Mwanamvua wawili, yeye anamchagua huyu mnene."