Kaburi Lisilo na Mtu

Wapendwa, kesho alfajiri tunakwenda makaburini kuimba, kama tunavyofanya kila Pasaka. Kabla hamjaenda kutafuta mishumaa, kaeni kidogo na mama mmoja ninayetaka kuwaonyesha. Msianze kunong'onezana ni mama wa upande gani wa mto, maana nawafahamu. Nimemtunga mwenyewe juzi, nikichuma chai. Kama anafanana na mtu unayemjua, shauri yako na huyo mtu.

Mama huyo alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kiwanja kimoja kwenye mteremko, na nyumba yao ilikuwa chini kabisa ya kiwanja, kwenye kibonde, mahali ambapo upepo ukivuma unapita juu kwa juu. Hakuwa na ardhi nyingine popote. Alikuwa na binti, naye hakuwa nyumbani wakati huo.

Basi, kukaja mradi. Watu wa mradi wakaitisha mkutano wakasema hivi: viwanda vinatoa hewa chafu, hiyo hewa ukaa mnayoisikia redioni, inayoipasha dunia joto na kuvuruga mvua. Sisi tutaikamata hukohuko viwandani, tutaileta hapa kwa bomba, tutaisukuma chini sana ndani ya miamba. Juu ya miamba hiyo upo mwamba mwingine mgumu, umeifunika kama kifuniko kinavyofunika chungu. Haitatoka. Tumepima.

Mama alisikiliza amekunja mikono. Na ninyi mngefanyaje? Mtu anashuka kwenye gari jeupe, anakwambia atazika kitu chini ya kitanda chako, halafu anakutakia usingizi mwema. Mama alijiambia moyoni: hawa wanautaka mteremko wetu. Leo wanazika hewa, kesho watatuzika sisi au watatuhamisha.

Hakuwa mjinga, jamani. Kule kwao watu wanajua kwamba hewa inaua. Kuna mabonde madogo ambamo ardhi inapumua yenyewe tangu enzi za mababu, na ndege akitua humo haruki tena. Ndiyo maana mtu akishuka kuchota maji ya magadi kwa ajili ya ng'ombe, hutanguliza kijinga cha moto, amekishika chini usawa wa magoti, kwa sababu ile hewa ni nzito, inatambaa chini. Kijinga kikizima ghafla, anarudi alikotoka. Haulizi mtu. Hata mtoto anayejua kutembea tu kule analijua hilo.

Sasa, mama huyu alikuwa na shimo. Juu ya nyumba yake, katikati ya kiwanja, palikuwa na tundu jembamba lililochimbwa zamani sana na watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe. Makaa hawakuyapata. Wakapigilia kizibo cha gogo, wakaondoka. Baba mkwe wake alikuwa akisimulia kwamba kabla ya kizibo, ukidondosha jiwe humo, husikii likifika.

Watu wa mradi walipotangaza kuwa watapita kila kiwanja kuuliza mashimo ya zamani, mama alikosa usingizi. Wakiliona, watasema hapa ni hatari, funga virago. Akafanya nini? Mnacheka, mmeshajua. Nani anahamisha kaburi kirahisi? Alimwita fundi, wakajenga kaburi juu ya lile shimo. Kaburi zuri, la saruji, lina msalaba, na jina la babu wa marehemu mumewe. Babu mwenyewe kijiji kizima kilijua amezikwa ng'ambo ya mto kwa wajomba zake. Wanakijiji wakamwona fundi akipandisha mchanga. Wakaona msalaba unasimama. Wakasalimia na kupita. Waseme ili iweje? Adui alikuwa mradi.

Mpimaji alipokuja alikuwa binti mdogo, mpole, na kipimo chake kimening'inia begani. Akaamkia vizuri.

"Mama, naomba kuuliza. Hapa kwenu kuna shimo lolote la zamani? Kisima kilichokufa, tundu la watafiti, chochote?"

"Hakuna."

"Na pale juu?"

"Pale amelala babu yetu. Utampima naye?"

Binti aliliangalia kaburi kwa muda. Akaandika, akaaga. Mama alimsindikiza kwa macho hadi garini, akifikiri: huyu anaandika nini muda wote huo? Mwone huyo! Yeye ndiye aliyedanganya, na bado anamshuku aliyedanganywa.

Hewa ikaanza kusukumwa chini. Msimu ukapita, mambo shwari. Binti yake akarudi nyumbani kujifungua, akawa analala na kichanga chake kwenye godoro sakafuni, na mtoto alikuwa bado hajatolewa nje kwa ngoma kama ilivyo desturi. Halafu kuku wa mama wakaanza kufa. Si kwa kideri, maana hawakusinzia wala kuharisha. Waliingia bandani wazima, asubuhi wakakutwa wamelala ubavu. Na binti yake naye akaanza kulalamika.

"Mama, kichwa kinanigonga. Nalala usiku kucha, lakini nikiamka ni kama sijalala."

"Ni uzazi, mwanangu. Kunywa uji."

Lakini kwenye mkutano wa kijiji mama hakusema ni uzazi. Alisimama akanyoosha kidole. "Hawa wanatuua. Kuku wangu wamekwisha, binti yangu anaumwa kichwa. Hiyo hewa yao inavuja, na wao wanatuletea vikaratasi kusema haivuji." Watu wakapiga makofi, na mimi ningekuwepo labda ningepiga pia.

Yule mpimaji akasimama. "Mama, visima vyetu vyote tunavipima kila siku, havivuji. Sisemi kwamba unachokiona si kweli. Nasema kama hewa inatoka, basi imepata njia tusiyoijua. Kifuniko kinaweza kuwa kigumu kiasi chochote, lakini kama mtu alishakitoboa zamani, hewa itapitia hapohapo. Nawaomba wote. Kuna shimo?"

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mzee wa kanisa alikohoa. Fundi aliyejenga kaburi alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mama akajibu kwa niaba ya wote. "Hakuna shimo kijiji hiki. Shimo mmelileta ninyi."

Msidhani mama hakuwaza. Aliwaza. Akiwa anasonga ugali lilimjia wazo la kile kizibo cha gogo, kimekaa ardhini miaka yote hiyo, kimeoza kiasi gani. Lakini kila wazo lilipokuja alilifukuza kwa jingine: ndicho wanachotaka hawa, niseme, waniondoe. Mtu akishazoea kushuku wengine, hapati nafasi ya kujishuku mwenyewe.

Ikafika Pasaka. Alfajiri ile mama aliamka juu ya kitanda chake akiwa amechelewa, akashangaa. Kumbe jogoo hakuwika. Alibaki mmoja tu, mzee, asiyeweza tena kuruka kwenye kichanja, alikuwa akilala chini bandani. Mama alimkuta amelala ubavu, wa baridi.

Hasira ikampanda. Akamshika jogoo miguu akapanda naye hadi barabarani, ambako waumini walikuwa wanakuja na mishumaa yao, wakipita kaburi moja moja, la kanisani na la nyumbani. Mpimaji alikuwamo, maana naye ni Mkristo na Pasaka ilimkuta kazini.

"Haya, tazama kazi yenu," mama akamwambia, akambwagia jogoo miguuni.

Yule mpimaji akachuchumaa, akamgusa jogoo. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa. "Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho, na leo siulizi kwa ajili ya mradi. Kuna shimo?"

"Mimi sijui shimo. Kuna kaburi tu."

Mnahesabu, wapendwa? Hiyo ni mara ya tatu. Jogoo hakuwa na haja ya kuwika.

Kwa kuwa kaburi limetajwa, ilibidi waende kuliimbia. Wangefanyaje, na mgeni yupo? Wakashuka mteremko kwa heshima zote, wakalizunguka kaburi ambalo kila mmoja wao alijua halina mtu, wakaanza wimbo. Sauti ya nne ilikuwepo, ya tatu ilikuwepo. Mzee wa kanisa akamwombea babu pumziko. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Mama, kama mwenye msiba, akapewa mshumaa. Akainama auweke chini, penye ufa mdogo wa saruji, upande wa kichwani.

Mshumaa ukazima.

Akauwasha kwa mshumaa wa jirani, akainama tena. Ukazima. Haukuyumba, haukutoa cheche. Ulizima tu, kama umeingizwa majini. Jirani akaushusha wa kwake taratibu, usawa wa magoti. Nao ukazima.

Wimbo ukakatika ubeti wa katikati. Hakuna aliyehitaji kipimo cha yule binti. Wote walikuwa wameshika vijinga vya moto tangu utotoni. Na wote, pamoja na mama, macho yao yalifuata mteremko taratibu, kutoka kwenye ufa, kwenye majani, kwenye banda la kuku, hadi kwenye mlango wa nyumba iliyo kibondeni. Ndani kulikuwa na mzazi na kichanga, wamelala sakafuni.

Mama alikuwa na pumzi moja ya kuchagua. Kiwanja, au watu waliomo.

"Hapa hapana mtu," akasema. "Kaburi hili halina mtu. Ni shimo."

Na mzee wa kanisa, aliyetoka kumwombea babu pumziko, akajibu polepole, "Tunajua, mama."

Yule mpimaji akawatazama mmoja baada ya mwingine. Msidhani yeye naye alikuwa safi. "Na mimi niliona saruji ni mbichi," akasema. "Niliwaambia wakubwa wangu kaburi hili ni jipya mno kwa babu wa zamani. Wakaniambia niandike kaburi, niendelee na kiwanja kingine. Nikaandika."

Walikuwa wameshaanza kukimbia. Vijana walivunja dirisha kuingiza hewa, wakaingia mlangoni wamebana pumzi, wakamtoa binti wa mama amelegea kama kitambaa kilicholowa, wakampandisha hadi juu barabarani penye hewa. Kichanga kilitolewa mwisho. Kilikuwa kimya. Mama alikipokea, akakipulizia usoni, akakipigapiga mgongo, akaita jina la Bwana bila kumalizia sentensi. Watu walisimama na mishumaa iliyozimika mikononi. Kisha kichanga kikalia. Ndivyo kilivyotolewa nje, wapendwa, bila ngoma wala vigelegele, na bibi yake amekaa mavumbini.

Sasa niambieni. Nani alivujisha ile hewa?

Nasikia mtu anasema mradi. Sawa. Sitawatetea, walipenda karatasi yao isiyo na doa kuliko ukweli. Nasikia mwingine anasema mama. Sawa. Lakini fundi je? Mwenyekiti aliyetazama viatu? Waimbaji, na ile sauti yao ya nne nzuri? Kila mmoja pale alikuwa na shaka na mwenzake, na kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli amekikalia. Wangekusanya vipande vyao siku ile ya kwanza, shimo lingezibwa, mama angelala, jogoo angewika.

Siwaambii mwache kuuliza maswali. Mtu akija kuzika kitu chini ya nyumba yako, muulize, urudie, umchoshe. Mungu hakutupa macho ya kufumba. Ila mimi nawafahamu, na mnanifahamu. Sisi hapa tunajua nyufa za kila nyumba isipokuwa yetu. Tunaijua ndoa ya jirani inavujia wapi, tunaijua ofisi ipi inakula nini. Halafu ukiulizwa habari ya lile shimo lako, lile ulilolijengea saruji na kulisimikia msalaba ili hata mchungaji aogope kuligusa, unasema pale pamelala babu. Na sisi wengine tunaojua tunakuja kukuimbia, kwa sababu tunataka na wewe utuimbie kwenye letu.

Sisi ni watu wa kaburi tupu, ndiyo imani yetu. Lakini si hilo.

Kesho alfajiri mtakuja na mishumaa. Kabla hujaiwasha kwa ajili ya wafu wa watu, pita kwanza nyumbani kwako, uinamishe mmoja chini, usawa wa magoti, penye ufa wa lile kaburi ulilojenga mwenyewe. Tazama kama unawaka. Na ukizima usije kutuimbia. Kimbia uwatoe walio ndani.