Bomba la Moshi la Mzee Kiboko

— Nimebeba ngano!
— Itue, tuifungue!
— Ina uongo ndani.
— Tia na chumvi, tutameza!

Hapo kale, mwaka ambao maboga yalizaa hadi njiani, Kiboko alikuwa na pikapu. Chakula chake mwenyewe hakikumtosha, maskini. Kila siku alishuka Bonde la Chini kuchukua maboga ya wanyama wadogo, na safari hizo aliziita ujirani mwema.

Lakini njiani palikuwa na jiwe. Pikapu ilikuwa imedidimia kwa uzito wa dereva, na bomba la moshi lilining'inia chini. Kila ilipopita juu ya jiwe, bomba lilikwaruza: kwaruuu! Sungura akisikia kwaruuu, hukimbia na boga. Kalunguyeye akisikia kwaruuu, huviringisha boga. Kiboko akifika, hukuta majani.

Akaenda kwa Nguchiro, fundi pekee aliyeweza kuingia chini ya gari bila jeki.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"We fundi kijiti! Lipandishe bomba hili lisiguse jiwe. Ukikataa, nakikalia kibanda chako."

Nguchiro alikuwa na mke na watoto wanne huko Bonde la Chini, na maboga yao ndiyo kwanza yanaiva. Akaingia chini ya gari, akapima kwa kiganja, akatoka.

"Shubiri moja inatosha, mzee."

"Unanipunja! Tia tatu."

"Tatu, mzee. Shubiri zangu au zako?"

Kiboko akautazama mkono wa Nguchiro, mwembamba kama njiti ya kiberiti, akacheka: ho, ho, ho!

"Gari la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi shubiri za nani?"

"Zako, mzee."

Nguchiro akakata: kriii! Akachomelea: chaaa!

"Shubiri ya kwanza, mzee. Jiwe halifiki hapa."

"Pandisha!"

Kriii! Chaaa!

"Ya pili, mzee. Hapa kuna bati la kuzuia joto."

"Ling'oe! Pandisha!"

Kriii! Chaaa!

"Ya tatu bado nusu, mzee. Sasa nimefika kwenye kiti chako."

"Kiti changu kinakuhusu nini? Pandisha!"

Nguchiro, fundi mtiifu, akapandisha.

Kiboko hakungoja hata bomba lipoe. Akashuka bondeni: vuu, vuu, vuu! Jiwe hili hapa. Akafumba macho. Kimya! Bomba halikugusa kitu.

Bondeni, mke wa Nguchiro alikuwa ameinama akikata boga, watoto wote wanne kando yake. Hakuna aliyesikia. Kiboko akajilamba midomo, akakanyaga mafuta. Bomba likapata moto. Kiti kikapata moto. Na ile sehemu ya Kiboko iliyokuwa juu ya kiti, ambayo sitaitaja mbele ya wageni, nayo ikapata moto: chwaaa!

"Yalaaa! Jamani, naiva!"

Kelele ile ilishinda kwaruuu mia. Sungura akakimbia na boga. Kalunguyeye akaviringisha boga. Mke wa Nguchiro akakusanya watoto, kisha boga, kwa mpangilio huo. Kiboko akatoka na mlango wa gari shingoni, mbio hadi mtoni: chubwi!

Pikapu ikajiendea polepole, ikasimama katikati ya maboga. Wanyama wadogo, kwa ujirani mwema, wakaipokea.

Nguchiro akaja ukingoni kumjulia hali mteja wake.

"Umeniunguza, mshenzi wewe!"

"Pole, mzee. Bomba liligusa jiwe?"

"Halikugusa."

"Shubiri zilikuwa tatu?"

"Tatu."

"Za nani?"

Kiboko akazama. Blu, blu, blu. Shangazi yangu Mwanakombo husimulia kwamba alizama mara moja. Si kweli, ni mara mbili, kwa sababu Nguchiro aliuliza tena.

Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini. Wenye elimu watawaambia ni kwa ajili ya jua kali. Waitikieni tu.

Funzo lake, watoto: mtiini mwenye nguvu kwa moyo wote. Akisema pandisha, pandisheni. Msimbishie. Muulizeni vipimo tu.

Ngano yangu nimeitua. Anayeiona fupi, aipime kwa shubiri yake.